Viungo Arobaini na Vinane vya Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Kosa wanalofanya watu wengi wakiona jengo linapandishwa kwa makasha ni kudhani kwamba kazi imekwisha kiwandani. Wanasimama barabarani, wanaona chumba kizima kinaning'inia kwenye kreni, dirisha limo, mlango umo, hata vigae vya bafu vimo, wanasema, "Hawa wanapanga tu viberiti." Chumba kilichotoka kiwandani ni chumba, hakijawa jengo. Kinakuwa jengo pale kinapokutana na chumba cha chini yake. Mahali pale pa kukutana ni padogo, pamejificha, na pakishafungwa hapaonekani tena.

Nieleze mara moja ili nisirudierudie. Juu ya kila chumba, pembeni, zimesimama nondo nne, kila moja urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Chini ya kuta za chumba kinachofuata kuna mirija minne ya chuma, imezamishwa ndani ya zege. Kreni inashusha chumba, nondo zinaingia kwenye mirija; vyumba vya chini kabisa vinakalia nondo za msingi vivyo hivyo. Kati ya chumba na chumba hubaki mwanya wa vidole viwili, nao tunauziba pembezoni kwa saruji nzito. Kila mrija una matundu mawili yanayotokeza ukutani, moja chini, moja juu. Tundu la chini tunalisukumia kwa pampu saruji laini ambayo mafundi wanaiita uji. Uji unapanda ndani ukiizunguka nondo, na ukitokeza tundu la juu tunajua mrija umejaa. Tunaziba matundu yote mawili kwa vizibo vya mpira. Uji ukikauka, chumba cha juu na cha chini vimeshikana, na kila mrija na nondo yake tunauita kiungo kimoja.

Kazi yangu ni kusimama mbele ya kila kiungo, kuuona uji ukitoka tundu la juu, na kutia sahihi kwenye daftari. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa ujenzi, nimetulia na mimea yangu kibarazani. Mkaguzi wa hapa akaumia mgongo, na Mhandisi anayesimamia ujenzi huu akanipigia: "Mama, wiki nane tu." Jengo ni bweni la wauguzi, ghorofa saba tukihesabu ya chini kuwa ya kwanza, vyumba kumi na viwili kila ghorofa. Nilikubali kwa sababu binti yangu ni muuguzi, na barua aliyopewa inasema atakaa ghorofa ya tatu.

Getini Mhandisi ametundika ubao mweusi. Leo umeandikwa: ZIMEBAKI SIKU 58.

Jumanne, 4 Machi

Jua kali. Vyumba sita vimepanda. Magoti yanalalamika.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi kiongozi ni mwanafunzi wangu wa zamani. Chuoni tulimwita Kipimo, maana hakukalia kiti kabla ya kukipima miguu yote minne, na jina limemganda hadi leo, ingawa ana mvi masikioni na wajukuu wawili. Aliniona nikipanda ngazi, akawasimamisha mafundi wake mstari.

"Huyu ndiye aliyenifundisha," akawaambia. "Ikitoka?"

"Ziba!" wakaitikia.

"Ukiziba?"

"Songa!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ni maneno yangu. Niliyatunga mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanakodolea macho kiungo kimoja nusu saa nzima huku uji unagandia kwenye ndoo. Niliwafundisha zaidi ya watu mia nane, na inaonekana wote wametoka na maneno hayo manne. Sikatai, nilijisikia fahari.

Kreni inaendeshwa na mwanamke mmoja wa maneno mengi anayeitwa Rubani. Anatusemesha kwa redio ya mkononi kutoka huko mawinguni kwake.

"Mama Tochi, nakuona. Unachungulia matundu kama daktari wa masikio. Jengo linasikia?"

"Linakusikia wewe tu."

Basi nimeshakuwa Mama Tochi. Hata mlinzi wa getini ananiita hivyo.

Jumanne, 11 Machi

Ghorofa mbili zimekamilika, na saruji yake ya pembezoni imekauka kama jiwe kwa jua hili. Saa nane mchana mvua ya kwanza ikaja. Mafundi walishangilia ubaridi. Mhandisi hakushangilia. Ubao: SIKU 50.

Alhamisi, 13 Machi

Nieleze mvua inafanya nini kwenye kazi hii, maana si ile ya kulowesha nguo tu. Upepo ukizidi kreni hairuhusiwi kuinua, kwa hiyo tunakaa chini ya turubai tukinywa chai. Upepo ukitulia, kila mtu anataka kulipiza saa zilizopotea. Trela mbili zimesimama nje na vyumba juu yake, madereva wanapiga honi, Mhandisi anatazama saa. Tunafanya kazi ya saa sita ndani ya saa mbili.

Saruji ya pembezoni nayo inakauka polepole. Kipimo anaifunika kwa plastiki. Nilimwuliza kama imeshika. Akaibonyeza kwa kidole gumba, kikaacha alama ndogo tu.

"Imeshika, Mwalimu. Inatosha kuzuia uji."

Na kweli uji haukuvuja mbele ya macho yetu.

Jumapili, 16 Machi

Nimemtembelea binti yangu katika bweni lao la zamani. Chumbani ana ndoo tatu, na amezipanga kwa akili: kubwa chini ya tone kubwa, ya kati kwenye kona, ndogo juu ya kabati. Kitanda amekisogeza katikati kama meza ya upasuaji.

"Mama, nikitoka zamu nalala kwa muziki. Tii, toa, tii, toa. Chumba changu kimefika?"

"Kimepanda Ijumaa."

"Dirisha linatazama wapi?"

"Bustanini."

Akatabasamu peke yake. Wauguzi sitini wanaishi hivi. Paa la bweni hili litaezuliwa tarehe thelathini Aprili, na ndiyo sababu ya ubao wa Mhandisi. Nimeacha kumwona kama mtu wa papara.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo ningemfelisha mwanafunzi.

Tulikuwa ghorofa ya tatu. Nilikuwa nimeshaona viungo kumi na vitatu vikijaa, kimoja kimoja, nimemulika tochi na kutia sahihi. Kipimo akaanza kusukuma cha kumi na nne, ambacho kiko kwenye kona ya chumba cha binti yangu. Radi ikapiga karibu mno. Rubani akapaza sauti kwenye redio, "Shukeni! Shukeni wote!" Mimi na magoti yangu tukaanza ngazi kwanza. Kipimo alibaki, maana pampu haiachwi katikati.

Mvua ilipopungua nikapanda tena. Matundu yote mawili yalikuwa yameshazibwa. Ukuta ulikuwa safi, unang'aa maji. Kiungo kikijaa, tundu la juu huacha ndevu za uji chini yake. Hapa hapakuwa na ndevu.

"Imetoka?" niliuliza.

"Imetoka, Mwalimu. Mvua imeosha."

Trela ya nne ilikuwa inapiga honi. Ubao asubuhi ulisema 41. Nikatia sahihi, kisha kipande cha siku kilichobaki nikaona viungo sita zaidi kwa macho yangu, na kila nilipoona uji unatoka nilikumbuka kile ambacho sikukiona.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Kiungo cha kumi na nne.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Ghorofa ya nne imeanza. Kila chumba kinachowekwa juu, najikuta nakipiga hesabu: tani kumi na nane nyingine juu ya kiungo cha kumi na nne. Najua kiungo kimoja hakiangushi jengo. Nimelifundisha hilo somo mwenyewe, na mchoro wake nilikuwa nachora ubaoni kwa chaki ya njano. Hesabu haijanituliza.

Jumatano, 26 Machi

Nimemwuliza Kipimo wakati wa chai, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza sukari.

"Kile cha kumi na nne. Uliuona uji kwa macho yako?"

Aliweka kikombe chini. "Mwalimu, mimi nikudanganye wewe?"

"Sijasema umenidanganya. Nimeuliza kama uliona."

"Niliona." Kisha akatazama pembeni, akaita fundi mmoja, akaenda kugombana naye juu ya kamba ambayo haikuwa na kosa lolote.

Namjua huyu mtu tangu ana miaka kumi na tisa. Akiwa na jambo moyoni anapata kazi ya ghafla mahali pengine.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemwona Kipimo akila peke yake. Mafundi wanatania, yeye hacheki. Zamani ningesema amechoka.

Jumatatu, 31 Machi

Ubao: SIKU 30. Nimepita ghorofa ya tatu kwa kisingizio cha kutafuta miwani. Vizibo tulivyotumia wiki ile vilikuwa vyeusi vyote. Boksi la vyekundu lilifunguliwa tarehe ishirini na tano, nililisaini mimi. Nikamulika tochi ukuta mzima. Vyeusi, vyeusi, vyeusi. Kiungo cha kumi na nne, tundu la juu: chekundu.

Mtu amekifungua akakifunga tena, na hakuniambia.

Sasa nawaza mabaya. Nawaza kwamba mrija ulikuwa mtupu, na kwamba amekwenda kujaza mdomo tu, kiasi cha kumhadaa mtu mwenye tochi. Nimefundisha pia kwamba hila hiyo ipo. Nilimfundisha nani? Yeye.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilikwenda ofisini kwa Mhandisi nikiwa nimeshapanga maneno. Ofisi ni kontena lenye dirisha moja, michoro imeshikiliwa mezani kwa vipande vya vigae. Alikuwa kwenye simu na mkuu wa wauguzi.

"Ndiyo, dada. Tarehe thelathini. Naapa... Hapana, wagonjwa hawatahamishwa, ni ninyi tu... Ndiyo, vitanda vimefika."

Akakata simu, akafuta uso kwa kiganja. "Mama yangu, niambie habari njema."

Nikamwambia ghorofa ya nne imekwisha. Nikatoka. Mdomo wangu una miaka sitini na nane na leo umeniaibisha.

Jumatatu, 7 Aprili

Ghorofa ya tano imekamilika. Mvua. Rubani hakutania leo, ana mafua. Kesho wanaanza ya sita. Nimetafuta waya mwembamba wa kufungia nondo, nimeukata urefu wa mkono, nimeuweka mkobani.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa saruji ghorofa ya tatu, kabla sijashuka. Nitaandika kila kitu kwa utaratibu, kama ilivyotokea.

Nilifika saa moja asubuhi, kabla ya mafundi. Nilikwenda kiungo cha kumi na nne, nikang'oa kizibo chekundu kwa bisibisi. Kiungo kizuri, ukitoa kizibo unakuta saruji ngumu mdomoni kabisa na waya haupiti hata kidogo. Kibaya, waya unaingia. Ukiinamisha ncha yake chini unazama ndani ya mrija, na unapogota ndipo uji ulipoishia. Nilivuta pumzi nikachomeka.

Waya uligota papo hapo. Nikajaribu kulia, kushoto, nikagonga kwa bisibisi. Jiwe. Kimejaa hadi mdomoni, na si kwa hila: niligonga ukuta kutoka tundu la juu hadi la chini, na sauti ilikuwa nzito ileile mahali pote.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Wiki tatu nimekosa usingizi kwa ajili ya kiungo bora kuliko vyote.

Kisha, kwa mazoea tu ya ualimu, maana kipimo kimoja si kipimo mpaka ukilinganishe na kingine, nikang'oa kizibo cha kumi na tatu. Hicho nilikiona mwenyewe. Ninaukumbuka uji wake, ulitoka mzito, ukanidondokea kiatuni.

Waya uliingia. Nikauinamisha, ukazama. Ukazama kiganja kizima.

Nikadhani nimekosea tundu. Nikang'oa cha kumi na mbili: kiganja na nusu. Cha kumi na moja kimejaa. Cha kumi: waya ulizama mpaka vidole vyangu vikagusa ukuta. Vyote hivyo vina sahihi yangu, na vyote nilivitilia sahihi nikiwa nimeona.

Kipimo alinikuta nimesimama na waya mkononi na vizibo vitano sakafuni. Hakuuliza ninafanya nini. Alikwenda moja kwa moja kutazama kile cha kumi na nne.

"Umekifungua," akasema.

"Wewe ulikifungua kwanza. Kwa nini?"

Alikaa chini, mgongo ukutani, kofia ngumu magotini.

"Kwa sababu hukukiona, Mwalimu. Siku ile uji ulitoka, haki ya Mungu, niliuona. Lakini nilikutazama ukitia sahihi huku huamini, nikasema, huyu mama ametia sahihi kwa ajili yangu. Mlipokwenda kwenye viungo vingine nikarudi. Nusu saa ilikuwa imepita. Nikatoa kizibo nihakikishe."

"Ukakuta nini?"

"Umeshuka. Kidole kizima. Nikaongeza kwa mkono, nikasubiri, nikaongeza tena, mpaka ukatulia. Kizibo cha kwanza kilichanika, nikaweka cha muda. Baadaye nikabadilisha na chekundu."

"Na hukuniambia."

"Nilidhani nimekosea mimi. Nilidhani nilikatisha pampu mapema kwa sababu ya radi. Mzee mzima nikuambie nimekosea kitu ulichonifundisha mwaka wa kwanza?" Akavitazama vizibo sakafuni. "Hivi vingine vina nini?"

Nikampa waya. Akaingiza kwenye cha kumi. Niliona uso wake ukibadilika kadiri waya ulivyozama.

"Lakini hiki tulikiona wote wawili," akasema. "Ikitoka, ziba. Ukiziba..."

Akauchomoa waya, akauweka sakafuni.

Karakana ya chuo ilikuwa na paa. Meza yetu ya mafunzo ilikuwa na viungo vinne, pembezoni mwake pamezibwa kwa chuma na mpira, hapavuji hata ukipuliza. Uji ukitoka juu ulibaki juu. Miaka thelathini na moja nimefundisha juu ya meza ile. Hapa nje, chini ya mvua, saruji ya pembezoni imeshika nje lakini ndani bado tope. Inauzuia uji wakati tunatazama, kisha inauruhusu kupenya polepole, kama jasho, huku sisi tumeshasonga kwenye kiungo kingine. Kutoka kwa uji kunakuambia mrija ulijaa dakika ile. Hakukuambii chochote juu ya nusu saa baadaye. Na mimi ndiye niliyewaambia watu mia nane wasigeuke nyuma.

Juu ya vichwa vyetu redio ikakoroma. "Mama Tochi, habari za asubuhi! Nimepona. Nashusha chumba cha kwanza cha ghorofa ya sita, mpo tayari?"

Nikaichukua redio kutoka kiunoni kwa Kipimo. "Rubani, usishushe."

"Kipo hewani tayari, mama."

"Kirudishe kwenye trela."

Akajibu bila utani hata chembe: "Nakirudisha."

Sasa nashuka kwenda kwa Mhandisi.

Jumatano, 9 Aprili

Jana Mhandisi alipiga kelele, kama nilivyotegemea. "Mama, unajua ulichonitia? Siku ishirini na mbili!" Nikampeleka juu, nikampa waya, nikamwonyesha kiungo cha kumi. Aliuchomeka mara tatu. Baada ya hapo akaamuru viungo vyote vifunguliwe.

Leo tumefungua vyote, kuanzia ghorofa ya kwanza. Ya kwanza na ya pili, zilizojengwa kwenye jua, salama: tisini na sita, vyote vigumu. Ya tatu, kati ya arobaini na vinane, kumi na saba vina upungufu. Ya nne, ishirini na viwili. Ya tano, ishirini na sita. Mhandisi ameweka nguzo za muda na ameita waliochora jengo.

Ijumaa, 11 Aprili

Wachoraji wamekuja, wamepima, wamekaa kwenye kontena tangu asubuhi mpaka saa tisa. Hukumu: kwa uzito uliopo sasa jengo liko salama, likiongezwa ghorofa mbili na watu ndani halitakuwa salama. Linaweza kurekebishwa bila kubomoa, ila kila kiungo kirudiwe kwa mkono, polepole.

Kisha ikaja ripoti. Mhandisi alikuwa ameandika, "Chanzo: uzembe wa fundi kiongozi." Akanisogezea karatasi nitie sahihi.

"Si kweli," nikasema.

"Mama, lazima pawe na chanzo. Kampuni itataka jina."

"Jina lipo. Andika kwamba utaratibu wa kuziba mara uji unapotoka ulifundishwa na mimi, na ulisimamiwa hapa na mimi, na haufai kwenye mvua. Kiungo pekee kilichorudiwa kabla ya uji kukauka kilirudiwa na fundi kiongozi kwa hiari yake."

"Watakuondoa."

"Waniondoe baada ya kiungo cha mwisho. Kabla ya hapo hakuna anayeujua waya kama mimi."

Akachukua kalamu, akafuta mstari wake. Kipimo alikuwa amesimama mlangoni. Alisema tu, "Mwalimu, chai yako inapoa," akaondoka haraka kwenda kutafuta kamba ya kugombana nayo.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemwambia binti yangu. Nilitegemea machozi. Alikasirika.

"Wiki ngapi?"

"Nne. Labda tano."

"Mama, ndoo zimekuwa nne! Na paa linaezuliwa tarehe thelathini, tutalala wapi, kwenye wodi?"

"Mhandisi anazungumza na hospitali. Paa litasubiri."

"Na hukuona? Wewe? Wewe unayeona chumvi imezidi kabla hujaonja?"

"Niliona. Niliona kila kiungo. Niliondoka mapema mno, ndilo kosa."

Alinimiminia chai akiwa bado amenuna. Nilipoinuka akanishika mkono ngazini, maana zinateleza, na akasema bila kunitazama, "Kile cha kumi na nne, cha chumbani kwangu, kiko sawa?"

"Hicho ndicho kizuri kuliko vyote."

"Basi hivyo vingine vifanye viwe kama hicho. Mwenzangu wa zamu amepangiwa chumba cha tatu, na ana mtoto mchanga."

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Nieleze dawa, kwa faida ya atakayesoma. Unapitisha mpira mwembamba kwenye tundu la juu mpaka ugote chini ya utupu. Unajaza kwa pampu ya mkono, taratibu, ukiuvuta mpira juu kadiri uji unavyopanda, ili hewa itoke isifungiwe ndani. Uji ukitokeza, huzibi. Unakaa. Unasubiri nusu saa kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Ukishuka unaongeza. Ukitulia mara mbili mfululizo ndipo unaziba. Viungo tisa kwa siku, tukijitahidi.

Mafundi walinung'unika siku ya kwanza. Leo mmoja amenionyesha uji umeshuka robo kidole baada ya dakika ishirini, amefurahi kama aliyeokota kitu.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Vimebaki ishirini na kimoja. Sijaondolewa bado.

Jumatano, 30 Aprili

Ubao: hauna kitu. Mhandisi aliufuta asubuhi, akasimama na chaki mkononi, akaiweka chini. Wauguzi bado wako na ndoo zao. Kiungo cha mwisho cha ghorofa ya tano kilijazwa saa tano, tukakitazama saa tano na nusu na saa sita kamili. Hakijashuka.

Jumanne, 6 Mei

Ghorofa ya sita inapanda. Saruji ya pembezoni inasubiri siku nzima chini ya turubai kabla ya pampu kuguswa. Rubani analalamika kwamba amekuwa mlinzi wa kreni.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua imepungua. Barua yangu imekuja: nashukuriwa, na mkaguzi mpya anaanza Jumatano. Nimempitisha Kipimo ghorofa ya tatu mara ya mwisho, waya mkononi, viungo vyote arobaini na vinane. Waya haukuingia popote.

Lakini sikurudi nyumbani nikiwa mwepesi. Wale mia nane hawako hapa. Mmoja aliniandikia mwaka jana kwamba anasimamia jengo la ghorofa kumi na moja kwenye mji wa mvua nyingi, akaweka picha, na chini yake akaandika yale maneno manne kama salamu. Sijui ameyasema mara ngapi, na kwa nani.

Nimekaa na simu mchana kutwa. Kundi la wanafunzi wangu wa zamani lina watu mia tatu na kumi. Waliobaki nitawatafuta mmoja mmoja. Nimeandika na kufuta mara nyingi, kwa sababu kila nilipoanza kueleza nilikuta najitetea. Mwishowe nimetuma hivi:

"Wanangu, nilichowafundisha juu ya viungo kilikuwa nusu ya kazi, na kosa ni langu. Uji ukitoka hujamaliza, kwa sababu unaweza kushuka ukishageuka. Maelezo marefu nitawaletea na maswali yenu nitayajibu yote. Kwa sasa, popote ulipo: chagua kiungo kimoja ulichokijaza wakati wa mvua, toa kizibo cha juu, uchomeke waya. Fanya leo."